Mbwa wa polisi getini: jibu kwa mwenyekiti wa wazazi wa Kisauni

Bi Mwenyekiti,

Ahsante kwa swali lako, na ahsante zaidi kwa kuliuliza kabla ya upekuzi kufanyika na si baada yake. Kwa faida ya wasomaji wengine nalieleza kwa ufupi. Wewe ni mwenyekiti wa chama cha wazazi katika shule ya sekondari ya kutwa, ya wavulana na wasichana, huko Kisauni, Mombasa. Muhula uliopita walimu walikuta misokoto ya bangi na vidonge ndani ya mkoba wa mwanafunzi, na majuma machache baadaye mvulana wa kidato cha pili akachomwa kisu nje ya geti wakati wa kutoka. Mwalimu mkuu sasa anapendekeza polisi waje asubuhi moja bila taarifa, geti lifungwe, wanafunzi wote wapekuliwe kwa msaada wa mbwa wa kunusa, na yeyote atakayepatikana na chochote afukuzwe siku hiyo hiyo. Bodi ya usimamizi inataka maoni ya wazazi kabla ya kuamua. Unauliza mambo mawili: je, sheria inaruhusu, na hata ikiruhusu, itafaa kitu?

Najibu kama wakili ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kesi za watoto, nyingi zikiwa katika mahakama ya watoto ya Tononoka. Kwa ufupi, polisi mnawahitaji, tena sana, lakini mnawahitaji nje ya geti kuliko ndani. Mpango wa mwalimu mkuu umewapa polisi kazi ambayo hawaifanyi vizuri, yaani kulea nidhamu ya wanafunzi, na umewaondolea ile ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kuifanya, yaani kumshika anayewauzia watoto na kuilinda njia wanayopita.

Nianze na sheria. Hakuna kinachomkataza mwalimu mkuu kuwaita polisi, wala shule si mahali ambapo polisi hawawezi kuingia. Wakiwa na hati ya mahakama, au wakiwa na sababu ya kuaminika kwamba kosa linatendeka na kwamba kuisubiri hati kutapoteza ushahidi, mlango uko wazi kwao. Tatizo linaanzia pale afisa anapotaka kuweka mikono juu ya mwili wa mtoto ambaye hakuna mtu aliyemshuku kwa lolote. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, Ibara ya 28 inalinda utu wake, na Ibara ya 53 inaagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Haki ya faragha inaweza kuwekewa mipaka, lakini anayeiwekea mipaka hudaiwa sababu inayolingana na uzito wa kile anachokifanya. Kwamba bangi ilipatikana kwa mwanafunzi mmoja muhula uliopita ni sababu ya kumchunguza mmoja huyo na walio karibu naye. Sioni vipi inaweza kuwa sababu ya kuwavua viatu na soksi wanafunzi mia kadhaa ambao kosa lao ni kuwa katika uwanja mmoja naye.

Haya si maoni ya mawakili wanaopenda kubishana. Mwezi Agosti 2015 wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani kwa basi walikamatwa na polisi katika eneo la Kati mwa Kenya, na picha za msichana mmoja akivuliwa nguo na maafisa waliokuwa wakitafuta bangi zikasambaa mitandaoni nchi nzima. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba upekuzi wa namna ile ulivunja haki yake ya faragha na utu, na ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 4. Ninapowaeleza walimu kesi hii, jambo la kwanza wanalouliza ni kama alikuwa nayo bangi au hakuwa nayo. Swali hilo halibadilishi kitu. Mtu anaweza kuwa na hatia na bado akawa amedhulumiwa kwa namna alivyopekuliwa, na shule iliyofungua geti, ikawapanga wanafunzi mstari na kuacha simu zipige picha haitaweza kusema kwamba yale yalikuwa ya polisi peke yao. Ongeza hapo kwamba Katiba inaiagiza mahakama kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Kwa hiyo upekuzi wa papara unaweza kuwaaibisha mia tano na bado usimtie hatiani hata mmoja.

Najua wapo wazazi katika chama chako watakaosema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwamba habari za haki zinawapa watoto kichwa. Hofu yao naielewa. Mzazi wa Kisauni aliyewahi kusikia usiku kwamba vijana wa mapanga wameingia Mtopanga au Bamburi hana nafasi ya kusikiliza mhadhara wa Katiba. Waambie hakuna anayewazuia kuwa wakali. Wanachotakiwa ni kuuelekeza ukali huo mahali utakapozaa kitu.

Sasa, ni nini kinachoruhusika ndani? Mwalimu ana mamlaka ya kukagua mikoba kwa kufuata kanuni za shule ambazo wazazi walizisoma na kuzitia sahihi mtoto alipojiunga, na hilo linatosha kwa mambo mengi. Mkoba si mwili. Ikiwa lazima mbwa aje, na awe amekuja kwa sababu maalumu, mikoba ipangwe kwenye ukumbi huku wanafunzi wakiwa madarasani, mbwa apitishwe kwenye mikoba, na atakayeitwa awe ni mwenye mkoba uliotiliwa shaka peke yake. Kuipapasa miili ni jambo jingine kabisa, na linahitaji mtu anayeshukiwa kwa sababu inayoweza kuandikwa, chumba cha faragha, mzazi au mwalimu anayemwamini akiwapo, na ikiwa ni msichana, afisa wa kike. Hili la mwisho liko katika sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai tangu zamani: mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenziwe, kwa kuchunga staha.

Kesi nyingi huanguka kwa jambo dogo ambalo walimu hawalifikirii. Mwalimu wa zamu anakuta msokoto wa bangi au kete ya unga, yaani heroini. Anauchukua, anautia katika droo ya meza yake, anaendelea na kipindi, na jioni anamwonyesha mwalimu mkuu. Siku ya tatu polisi wanapoitwa, kitu hicho kimepita mikono minne, karatasi yake imebadilishwa, na mmoja kati ya walimu ameshaonja ncha ya kidole kuthibitisha. Mihadarati haithibitishwi kwa macho wala kwa harufu. Inapimwa na Mkemia wa Serikali, na wakili yeyote mzoefu atauliza mahakamani kitu hicho kilikuwa wapi kila saa tangu kilipopatikana hadi kilipofika maabara. Mnachohitaji ni bahasha ya kaki, gundi, kalamu na walimu wawili. Kitu kitiwe ndani wote wawili wakiona, bahasha ifungwe, watie sahihi juu ya mfungo, waandike tarehe, saa, mahali na jina la aliyekuwa nacho, kisha ipelekwe kituoni siku hiyo hiyo na shule ibaki na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Uzito nao una maana yake, kwa sababu sheria ya mihadarati ya 1994, hasa baada ya marekebisho ya 2022, inatazama kiasi katika kupanga adhabu. Usiruhusu mtu yeyote akitupe chooni kwa nia njema ya kumwokoa mtoto.

Kabla ya kufika kituoni kuna suala la umri, na hapa mambo yamebadilika kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 anachukuliwa kwamba hana uwezo wa kupambanua jema na baya mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Wanafunzi wenu wengi wana miaka 14 hadi 18, kwa hiyo wanaweza kushtakiwa, lakini wasiotimiza miaka 18 hawashtakiwi kama watu wazima. Mtoto aliyekamatwa mzazi wake lazima ajulishwe, asiwekwe pamoja na watu wazima, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama mtu mwingine yeyote, na kuzuiliwa kwake kuwe ndiyo hatua ya mwisho na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Hapa Mombasa atakayezuiliwa kwa amri ya mahakama hupelekwa katika mahabusu ya watoto ya Likoni. Nimekutana na wazazi waliofikiri kwamba kumwacha kijana wao seli usiku mmoja kutamrudisha akilini. Atakaporudi atakuwa amejuana na watu ambao wewe umetumia miaka yote kumwepusha nao.

Sheria hiyo hiyo imeweka njia ya tatu, kati ya kushtaki na kunyamaza, ambayo ni kumwondoa mtoto katika mkondo wa kesi za jinai. Mtoto akikiri kwa hiari bila kushurutishwa, ushahidi ukiwa wa kutosha, yeye na mzazi wake wakikubali na upande wa mashtaka ukaridhia, anaweza kuwekewa masharti badala ya kushtakiwa, kwa mfano ushauri nasaha, kuomba radhi, kulipia alichoharibu, au amri ya kuhudhuria shule bila kukosa. Angalia hilo la mwisho vizuri, Bi Mwenyekiti. Sheria inaihesabu shule kuwa sehemu ya dawa, ilhali pendekezo lililo mezani kwenu ni kumtoa mtoto shuleni siku ile ile anayohitaji dawa hiyo zaidi.

Hapo ndipo ninapopinga pendekezo la mwalimu mkuu kwa nguvu zaidi, kuliko hata suala la mbwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimruhusu mtu yeyote kumfukuza mwanafunzi papo hapo. Lazima njia nyingine za kumrekebisha ziwe zimejaribiwa zikashindikana, na lazima yeye na mzazi wake wapewe nafasi ya kusikilizwa. Hilo ni la kisheria. La kiutendaji ni kwamba kijana wa miaka 16 aliyefukuzwa Jumanne, Jumatano saa tatu asubuhi yuko maskani, kijiweni mwa mtaa. Hana sare, hana ratiba, hana mtu anayemsubiri mahali, na vijana wakubwa waliokaa pale wana muda wote wa kumkaribisha. Makundi ya mapanga yanayotusumbua Kisauni, Likoni na Mji wa Kale huwapata vijana wao kwa njia hiyo. Na atakaporudi getini kwenu kuuza, atakuwa anayajua madirisha yote, zamu za walinzi wote na majina ya wanafunzi wote wenye pesa za nauli.

Tutoke sasa nje ya geti, maana huko ndiko kazi iliko.

Simama nje ya shule yoyote ya kutwa hapa kwetu saa kumi alasiri na utazame. Kuna mama wa viazi vya karai na mwenye achari, kuna meza ya mabuyu na kashata, kuna kibanda cha muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kilichofunikwa gunia bichi ili majani yasikauke, kuna bodaboda watatu wanaosubiri, na kuna duka la dawa ambalo dirisha lake limefungwa nusu. Tisa kati ya kumi ya watu hao wanatafuta riziki ya halali, na yule mama wa viazi pengine anawajua watoto kwa majina kuliko walimu wao. Anajua pia ni bodaboda yupi hana abiria lakini haondoki. Msimfukuze pamoja na wengine katika operesheni ya kufagia wachuuzi, kama inavyofanyika mara nyingi. Shahidi wenu wa kwanza ni yeye, na akiondolewa, anayebaki ni yule anayeweza kumlipa askari.

Kila kitu katika mstari huo wa vibanda kina sheria yake na ofisi yake, na kosa la shule nyingi ni kupeleka malalamiko yote kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kana kwamba ni kitu kimoja. Bangi na unga ni kazi ya polisi na kitengo cha kupambana na mihadarati cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Vidonge ni suala jingine. Vile vinavyoitwa bugizi mitaani, na dawa nyingine za usingizi, mara nyingi havitoki kwa mlanguzi wa usiku bali vinatoka katika duka la dawa linalouza bila karatasi ya daktari, na anayelisimamia duka hilo, anayeweza kulifunga na kumnyang'anya mwenyewe leseni, ni Bodi ya Famasia na Sumu. Ikiwa vidonge vilivyokutwa katika ule mkoba vilikuwa na karatasi yake ya fedha yenye jina na namba ya toleo, hicho ni kielelezo cha thamani, kwa sababu namba hiyo inaweza kufuatiliwa hadi kwa msambazaji. Baa nayo ina kipimo chake: Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ile wengi wanaiita sheria ya Mututho, inataka sehemu ya kuuzia pombe iwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shule ya watu walio chini ya miaka 18. Leseni hizo sasa hutolewa na kaunti. Pimeni mita hizo kwa kamba au kwa simu, piga picha, andikeni barua ya kupinga leseni isihuishwe. Ni kazi ya kuchosha isiyo na ving'ora, na ndiyo maana haifanywi.

Kuhusu muguka inabidi niwe mwangalifu, kwa sababu wengi wanaamini umepigwa marufuku. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka katika Kaunti ya Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa katika sheria za nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri ya kuyasimamisha. Kwa hiyo msimwambie askari akamkamate mtu kwa sababu tu ana gunia la muguka. Mwuzaji huyo atashinda kesi na atarudi pale pale akiwa na sauti kubwa zaidi. Mshikilieni kwa kuwauzia watoto, kwani Sheria ya Watoto inampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya vitu vinavyomdhuru, na kwa mahali kibanda kilipo, kwani kibali cha biashara na matumizi ya kando ya barabara viko mikononi mwa kaunti. Shisha nayo ilipita njia kama hiyo. Kanuni za kuipiga marufuku zilitolewa Desemba 2017, na Januari 2024 mahakama ya Shanzu, hapa hapa kwetu, ikawaachia washtakiwa kadhaa kwa sababu kanuni hizo hazikufikishwa bungeni kama inavyotakiwa. Haifai kitu kukamata kwa kishindo chini ya sheria inayovuja.

Mtu atauliza, mbona tusiende kwa mapapa wenyewe, wale walanguzi wakubwa? Wameendewa. Agosti 2014 serikali iliilipua baharini meli iliyokuwa na zaidi ya kilo 300 za heroini, na Baktash na Ibrahim Akasha, waliokamatwa Nyali mwezi Novemba mwaka huo huo, walipelekwa Marekani Januari 2017 na wakahukumiwa huko miaka 25 na miaka 23. Nilifurahi kama kila mtu wa Mombasa. Lakini kete ya bei ya chai inayofika kwa mwanafunzi wa Mshomoroni haikukatika hata juma moja, kwa sababu mwuzaji wa mwisho hategemei mtu mmoja wa juu. Kwa shule, vita vya papa ni habari za televisheni.

Kisu cha getini nacho kinahitaji kutazamwa kipekee, kwa sababu mara nyingi hakihusiani na bangi kwa namna tunavyodhani. Vijana wengi wanaobeba visu ninaowatetea husema kitu kimoja, kwamba wanapita mtaa usio wao kwenda na kurudi shuleni na wanaogopa. Siwaamini wote, lakini nawaamini wengi. Mvulana wa Junda anayepita katikati ya maskani ya wenzake wa mtaa wa pili anabeba kisu kwa ajili ya ile robo saa ya njiani, kisha kisu hicho kinakuwa naye darasani mchana kutwa, na ugomvi wa kalamu unaishia hospitali. Ukimpekua getini utakipata kisu na utaiacha hofu yake pale pale, na kesho yake atakificha kichakani nje ya ukuta. Hapa askari wawili wa miguu, wasio na gari wala mbwa, waliosimama katika zile kona mbili zinazojulikana, asubuhi kabla ya kengele na alasiri baada yake, watazuia damu kuliko upekuzi wa mwaka mzima. Ulinzi wa pamoja kati ya polisi na wananchi umeandikwa katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Sio hisani mnayoomba. Kaeni na wanafunzi, muwape karatasi tupu wachore njia zao za nyumbani na watie alama mahali wanapoogopa. Msiwaombe majina. Alama zitarundikana sehemu tatu au nne, na hiyo ndiyo ramani mtakayompelekea OCS.

Nasema msiwaombe majina kwa sababu nimeona shule zikiwageuza watoto kuwa wapelelezi. Afisa mmoja aliwahi kupendekeza mwanafunzi apewe pesa akanunue ili mwuzaji anaswe. Likatae jambo hilo hata kama litapendekezwa kwa nia njema. Mtoto huyo ataendelea kuishi mtaa ule ule na mwuzaji baada ya operesheni kwisha, na dhamana hutolewa haraka kuliko familia inavyoweza kuhama.

Suala la siri ndilo linalonirudisha kwa polisi wenyewe. Unasema katika barua yako kwamba mara mbili mlipotoa taarifa, mwuzaji alitoweka saa chache kabla ya msako. Haya hutokea, na hakuna haja ya kumtuhumu askari fulani bila ushahidi. Pelekeni taarifa kwa milango miwili kwa wakati mmoja: kwa OCS kwa maandishi, nakala igongwe muhuri, na kwa Naibu Kamishna wa Kaunti, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kaunti ndogo. Anayejua kwamba mwenziwe naye anajua huwa mwangalifu. Simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na mihadarati, 1192, haitozwi na haimlazimishi mtu kutaja jina. Ikiwa mna ushahidi wa afisa kupokea hongo au kuwanyanyasa wanafunzi, hiyo ni kazi ya IPOA, mamlaka huru ya kusimamia mienendo ya polisi.

Nipite haraka katika mihadhara, kwa kuwa mwalimu mkuu ameipendekeza pia. Afisa aliyevaa sare akija kuwaeleza wanafunzi ubaya wa mihadarati hana madhara makubwa, lakini msitegemee kitu. Marekani walilijaribu jambo hili kwa ukubwa usio na kifani. Mpango wa D.A.R.E. ulianzishwa Los Angeles mwaka 1983, polisi wakaingia madarasani nchi nzima, na tathmini zilizofuata, ikiwamo ya ofisi ya ukaguzi ya serikali yao mwaka 2003, hazikuona tofauti ya maana kati ya watoto waliofundishwa na wasiofundishwa. Kinachosaidia ni mafunzo ya muda mrefu ya namna ya kukataa, kusimama peke yako na kutatua ugomvi, yakitolewa na mwalimu anayewajua watoto hao. Polisi akija, azungumze na wazazi na walimu kuhusu bahasha ile ya kaki.

Na kabla sijafika mwisho, lazima niseme la fimbo. Ikiwa katika shule yenu mwanafunzi anachapwa, mnavunja sheria hiyo hiyo ya elimu mnayotaka itumike dhidi ya wanafunzi, kwani imekataza adhabu ya viboko waziwazi. Siwezi kuisaidia bodi kuandika sera ya kuzuia vurugu huku waya wa umeme ukiwa umekunjwa juu ya kabati la ofisi ya nidhamu.

Katika kikao cha bodi, basi, pendekeza yafuatayo na uombe yaandikwe katika kumbukumbu. Upekuzi wa wote usifanyike. Upekuzi wa anayeshukiwa ufanyike kwa utaratibu ulioandikwa, na utaratibu huo upelekwe kwa wazazi wote. Walimu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wapewe jukumu la kuhifadhi vielelezo. Pasiwe na kufukuzwa bila kusikilizwa, na kila mwanafunzi atakayepatikana na kitu apelekwe kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo na apimwe kama ni mtumiaji au ni mbebaji tu, kwa sababu wengi wa wabebaji wadogo wana mkubwa anayewatisha. Aliyekwisha kunaswa na uraibu anahitaji matibabu. NACADA ina kituo cha tiba na urekebishaji Miritini, na ukipiga 1192 watakuelekeza panapomfaa mtoto kwa umri wake. Kwa jambo lolote la mtoto kunyanyaswa, nyumbani au shuleni, namba ni 116.

Barua kwa OCS isizidi kurasa mbili. Iwe na ramani ya wanafunzi, saa mbili za doria mnazoziomba, orodha ya vibanda na maduka mnayoyatilia shaka bila majina ya walioyataja, na ombi la kikao kimoja kila mwezi kati ya kituo, chifu, bodi na wazazi. Itiwe sahihi na mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu na wewe, wote watatu, ili asiwepo wa kutishwa peke yake. Nakala moja ibaki kwako nyumbani, si ofisini.